Pikapu ya Zamani Inalia Gurudumuni: Tafuta Chanzo Kabla ya Kununua Kipuri

Mlio mkali wa "kwiii" unaotoka upande wa magurudumu huwapeleka wengi moja kwa moja dukani kununua pedi za breki. Wapo wanaobahatisha. Wengine hufunga pedi mpya, mlio ukarudi baada ya siku mbili, na lawama zikaiangukia pedi isiyo na kosa. Kwenye pikapu iliyokula miaka, pedi, bati la kinga, kalipa (kifaa kinachobana pedi kwenye diski), viatu vya breki vya nyuma, beringi, propela (shafti ndefu inayopeleka nguvu ya injini nyuma) na hata kifuniko cha rimu vinaweza kulia kwa sauti inayofanana kabisa. Sikio peke yake halitoshi kuvitenganisha. Kinachovitenganisha ni mlio unaanza lini, unanyamaza lini, na unasikika mara ngapi gurudumu likizunguka mara moja. Kwa hiyo sikiliza kwanza, jeki baadaye.

Je, ni gurudumu kweli?

Gari likiwa limesimama, washa injini, kanyaga mafuta kidogo, kisha zungusha usukani hadi karibu na mwisho, kushoto na kulia. Mlio ukitokea hapo, kagua mkanda wa alteneta au wa pampu ya usukani na uachane na magurudumu. Usipotokea, nenda kwenye barabara tulivu iliyonyooka, fikisha kilomita 40 kwa saa, weka gia huru na uliache gari lijiendee. Injini ibaki inawaka: ukiizima, msaada wa breki huisha baada ya kukanyaga mara mbili tatu, na ufunguo ukienda mbali zaidi usukani hujifunga. Mlio ukipungua taratibu pamoja na mwendo huku injini imetulia, chanzo ni kitu kinachozunguka pamoja na magurudumu. Propela nayo imo humo, usiisahau.

Sasa shuka hadi kilomita 20 au 30 kwa saa, fungua madirisha, na ufanye majaribio haya moja moja, bila kuyachanganya:

- Gusa pedali ya breki kwa wepesi, kiasi cha kuwasha taa za nyuma tu. Mlio ukinyamaza, ukianza au ukibadilika, tatizo liko kwenye breki, ila bado hujajua kama ni za mbele au za nyuma.
- Vuta breki ya mkono kidogo huku umeshikilia kitufe chake ili isinase, na pasiwe na gari nyuma yako. Kwenye pikapu nyingi breki hii hushika magurudumu ya nyuma peke yake, kwa hiyo mlio ukibadilika, umeshayatoa ya mbele kwenye hesabu. Wengi huliruka jaribio hili, na ndilo linalookoa muda kuliko mengine yote.
- Yumbisha gari kushoto kisha kulia. Ukikata kushoto, uzito unahamia magurudumu ya kulia, na beringi mbovu ya kulia itapandisha sauti. Usiutumie ushahidi huu peke yake, maana pedi inayogusa diski kidogo nayo inaweza kunyamaza kwenye kona.
- Rudi nyuma mita kumi hivi. Mlio unaosikika gari likienda mbele tu huelekeza kwenye ncha ya onyo ya pedi au kokoto iliyonasa.

Hesabu kwa chaki

Chora mstari wa chaki kwenye ubavu wa tairi unaloshuku. Dereva aendeshe kwa mwendo wa mtu anayetembea, na msaidizi atembee pembeni, mita mbili kutoka kwenye gari, akiuangalia mstari huku akihesabu milio. Tairi la pikapu la kawaida lina mzingo wa karibu mita 2.2, kwa hiyo kwa kilomita 5 kwa saa linamaliza mzunguko mmoja kwa takriban sekunde moja na nusu. Muda huo unatosha kuhesabu bila kukimbizana.

Mlio mmoja kwa kila mzunguko, tena kila mara mstari ukiwa mahali palepale, unatokana na kitu kilichopinda au chenye upande uliolika: diski, dramu, rimu au kifuniko chake. Milio mitatu hadi mitano kwa kila mzunguko inatoka kwenye propela, kwa sababu kwenye difu za pikapu (gia za ekseli zinazopokea mzunguko wa propela) propela huzunguka kati ya mara 3.5 na 4.5 kwa kila mzunguko mmoja wa gurudumu. Kwa difu yenye uwiano wa 4.1, propela huzunguka mara 41 wakati gurudumu limezunguka mara kumi. Mlio mfululizo usio na mapigo ni wa ncha ya onyo, bati linalosugua diski mduara mzima, au beringi iliyokauka.

Ukimaliza dakika hizi ishirini, utakuwa unajua ufungue wapi.

Kabla ya kunyanyua

Legeza nati za gurudumu nusu mzunguko likiwa bado chini. Weka vizuizi kwenye magurudumu yatakayobaki ardhini, nyanyua, kisha weka stendi chini ya chasisi au ekseli. Usiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake. Ukikagua nyuma, breki ya mkono iwe imeachiwa na gia iwe huru, la sivyo gurudumu halitazunguka na utaihukumu breki bure.

Vumbi la breki usilipulize kwa upepo wala kwa mdomo. Viatu na pedi za zamani vinaweza kuwa na asbesto. Lilowanishe kwa dawa ya kusafishia breki au maji ya sabuni, kisha ufute kwa kitambaa cha kutupa.

Inalia bila kukanyaga breki, ukigusa inanyamaza

Hii ndiyo dalili ya ncha ya onyo, kijichuma kilichopinda ubavuni mwa pedi nyingi. Nyama ya pedi, yaani sehemu inayosugua diski, ikibaki kama milimita 2 au 3, ncha inaanza kugusa diski na kulia. Pedi mpya nyingi huwa na nyama ya milimita 10 hadi 12. Pima pedi zote mbili, ya ndani na ya nje, maana ya ndani huwa haionekani kupitia tundu la rimu na mara nyingi ndiyo iliyokwisha. Ikiwa moja imebaki milimita 2 na mwenzake 8, kubadilisha pedi hakutatosha: pini za kalipa zimenata, na pedi mpya zitakwisha vilevile.

Pedi zikiwa bado nene, angalia kama ncha ilipindwa wakati wa kufunga au pedi iliwekwa upande usio wake. Kosa hili ni la kawaida na huleta mlio kuanzia siku ya kwanza.

Anayefuata kushukiwa ni bati la kinga, lile bati jembamba lililo nyuma ya diski. Likigongwa na jiwe au kupindwa na mtu anayefungua gurudumu, linaanza kukwaruza. Zungusha gurudumu kwa mkono huku ukilisukuma bati kwa bisibisi ndefu. Mlio ukibadilika, umempata. Livute liachane na diski milimita 2 au 3 kila upande. Kokoto iliyonasa kati ya bati na diski hulia vibaya kupita ukubwa wake, na mara nyingine hutoka yenyewe gari likirudi nyuma. Isipotoka, pitisha waya.

Kutu nayo ni mshukiwa. Diski hujijenga ukingo wa nje usioguswa na pedi, na ukingo huo ukivimba kwa kutu hugusana na pedi au na mabano ya kalipa. Mstari mwembamba unaong'aa kwenye ukingo wenye kutu ndio alama yake.

Inalia ukikanyaga

Baada ya mvua au gari kulala nje usiku, mlio wa kusimama mara tatu nne za kwanza ni kutu nyembamba inayofutwa. Usifanye kitu.

Mlio usioisha unahitaji pedi kutolewa. Ikiwa uso wake unang'aa kama kioo, pedi imeungua kwa joto na inateleza juu ya diski badala ya kushika. Msasa wa namba 80 juu ya sehemu tambarare unaweza kuondoa mng'ao huo, na kulaza kingo za mbele na nyuma kwa tupa kunapunguza mtetemo unaozaa mlio. Lakini jiulize kwanza kwa nini iliungua, maana kalipa inayonata itaiunguza tena.

Sauti ya breki huzaliwa pale pedi inapotetemeka ndani ya mabano yake mara maelfu kwa sekunde. Ndiyo maana vibanio vya chuma vinavyoishikilia pedi, na bati jembamba la mgongoni, si mapambo. Vikiwa vimetupwa wakati wa matengenezo ya haraka, pedi bora kabisa italia. Safisha mabano kwa brashi ya waya hadi pedi iteleze kwa kusukumwa na vidole, weka vibanio vipya, kisha paka grisi ya breki inayovumilia joto, nyembamba kama rangi, kwenye masikio ya pedi na mgongoni inapoguswa na pistoni. Usiipake kwenye nyama wala kwenye diski. Anayenyunyizia mafuta kwenye diski ili inyamaze ameondoa breki, na pedi iliyonyonya mafuta haisafishiki: badilisha za pande zote mbili za ekseli.

Diski yenyewe ipime kwa kalipa ya kupimia, sehemu sita kuzunguka mduara. Unene wa chini umeandikwa kwenye chuma chake, mara nyingi baada ya herufi MIN TH. Ikiwa kuikereza kutaishusha chini ya namba hiyo, itupwe.

Gurudumu moja linapata moto

Endesha kilomita kumi ukitumia breki kidogo iwezekanavyo, simama, na udondoshee kila rimu matone ya maji karibu na katikati. Usiguse kwa mkono. Rimu inayochemsha matone huku nyingine zikilowa tu ina breki inayojishika, au beringi inayokufa. Kipimajoto cha mwanga kikiwepo, linganisha kushoto na kulia kwa ekseli ileile, si mbele na nyuma. Za mbele hufanya kazi zaidi na huwa na joto zaidi kwa kawaida.

Nyanyua gurudumu lenye moto. Msaidizi akanyage breki kwa nguvu na kuachia. Likiwa gumu kuzunguka, vaa miwani, weka mrija na kopo kwenye chuchu ya kutolea upepo ya kalipa na uifungue robo mzunguko. Mafuta yakiruka na gurudumu likalegea, kuna shinikizo lililofungiwa. Kwa gurudumu moja, karibu kila mara ni mpira wa breki, yaani bomba la mpira linalopeleka mafuta kwenye kalipa, ulioharibika kwa ndani: nje unaonekana mzima, ndani umeziba na kupitisha mafuta upande mmoja tu. Yakiwa yote mawili ya mbele, angalia silinda kuu na uwazi wa kijiti cha pedali. Mafuta yasiporuka na gurudumu likabaki gumu, shida ni ya chuma: pini zimekauka au pistoni imeshika kutu.

Pini zitolewe, zisuguliwe, zipakwe grisi ya silikoni na kurudishwa na mipira mipya. Grisi ya kawaida ya petroli huvimbisha mipira na kuzinasa tena. Pistoni yenye vishimo vya kutu chini ya mpira wake haifai kusafishwa. Unapoirudisha ndani, tazama tangi la mafuta ya breki lisifurike, na kalipa uining'inize kwa waya, kamwe isibebwe na bomba lake la mpira.

Nyuma: dramu

Pikapu nyingi za zamani zina dramu nyuma, na huko kuna mlio wa aina mbili. Wa kwanza ni "kwi, kwi" wa polepole unaotokea breki ikiachiwa au gari likitambaa. Viatu, ambavyo mafundi wengi huviita shuu, hukaa juu ya vituo vidogo vya chuma kwenye bati la nyuma, kwa kawaida vitatu kila upande. Grisi ikikauka hapo, chuma kinasugua chuma. Vuta kiatu kidogo, safisha kila kituo, na uweke grisi ya joto kiasi cha punje ya mchele. Ukiweka nyingi itamwagikia kwenye nyama ya kiatu. Kituo kilicholika hadi kufanya mtaro kijazwe kwa kuchomelea na kusawazishwa, la sivyo kiatu kitaendelea kunasa.

Wa pili ni mlio mrefu wa kukanyaga: vumbi limejaa, nyama imeng'aa, au springi za kurudisha zimechoka. Nyama iliyogundishwa isiwe chini ya milimita 1. Iliyopigwa ribiti ihesabiwe kutoka kichwa cha ribiti. Kipenyo cha mwisho cha dramu huandikwa juu yake, MAX DIA. Kwenye mfumo ambao viatu viwili havilingani, chenye nyama ndefu hukaa nyuma. Vikipishana, breki hulia na kushika vibaya.

Dramu ikikataa kutoka, usiipige kwa nyundo nzito. Rudisha kirekebishi kupitia tundu la bati la nyuma, kisha tafuta matundu mawili yenye nyuzi kwenye uso wake, mengi ni ya bolti M8. Kaza bolti zote mbili kwa zamu na itajisukuma.

Ukikuta majimaji chini ya bati, yanuse. Yenye harufu kali ya kiberiti na mazito ni oili ya difu, na sili ya ekseli imekwisha. Membamba ni mafuta ya breki kutoka silinda ya gurudumu. Kabla ya kufunga sili mpya, safisha kipumulio cha difu kilicho juu ya ekseli. Kikiziba kwa matope, shinikizo la joto huisukuma oili nje na sili mpya itavuja kama ya zamani.

Beringi

Beringi mbovu kwa kawaida huvuma au kusaga. Ikifika hatua ya kulia kwa sauti nyembamba, imekauka kabisa na muda wake uliobaki ni mfupi; gari lisisafiri. Shika tairi juu na chini, tikisa. Likicheza, msaidizi akanyage breki: mchezo ukiisha ni beringi, ukibaki ni boljointi au kingipini, viungo ambavyo gurudumu hugeukia. Kisha weka kiganja kwenye springi na uzungushe gurudumu. Ukali wa beringi husafiri hadi hapo na mkono huuhisi hata pale sikio lisiposikia kitu.

Beringi za mbele za aina ya pia, zinazofunguka, hurekebishwa nyumbani. Zioshe kwa mafuta ya taa, zikaushe kwa kitambaa bila kuzizungusha kwa upepo, kisha zitazame kwenye mwanga. Rangi ya bluu ni joto, vishimo ni mwisho wake. Badilisha beringi na kombe lake pamoja, na sili kila mara. Sukuma grisi ya beringi upande mpana hadi itokeze upande mwembamba. Nati ikaze kwa nguvu ya karibu Nm 30 huku ukizungusha habu (kitovu cha gurudumu) ili beringi zikae, ilegeze kabisa, kisha irudishe kwa vidole tu. Tundu la pini lisipolingana, legeza kidogo. Usikaze ili kulifuata. Mchezo wa milimita 0.03 hadi 0.13 ndio unaotakiwa kwa mifumo mingi ya nati moja. Yenye nati mbili, kama ilivyo kwenye 4x4 nyingi, ina kipimo chake kwenye kitabu cha gari.

Propela na habu za mbele

Chaki ikikuonyesha propela, ingia chini gari likiwa kwenye stendi na injini imezimwa. Krosi (kiungo cha propela kinachoiruhusu kujikunja) iliyokauka huacha unga mwekundu wa kutu kwenye vikombe vyake. Pampu grisi hadi itoke vikombe vyote vinne. Isiyotoka kwenye kimoja, badilisha krosi. Yenye mchezo haisubiri, kwa sababu ikikatika propela huanguka barabarani.

Kwa 4x4 yenye habu za kufungwa kwa mkono, weka habu zote mbili kwenye FREE na uendeshe. Mlio ukipotea, umetoka kwenye shafti za mbele, hasa bushi au beringi ndogo iliyo ndani ya spindo (mhimili usiozunguka unaobeba habu), ambayo shafti huzungukia habu ikiwa imefungwa. Mara nyingi inahitaji grisi tu.

Vitu vidogo

Kifuniko cha rimu hulia "kwi" mara moja kwa mzunguko. Kitoe na uendeshe. Tairi pana kuliko la kiwandani husugua springi usukani ukikatwa mwisho, na huacha alama nyeusi inayong'aa. Nati zilizolegea hufanya rimu ya chuma ilie juu ya habu. Ukikuta matundu ya rimu yamekuwa ya mviringo mrefu, rimu hiyo isirudi.

Ukifunga

Pampu pedali hadi iwe ngumu kabla ya kusogeza gari hata hatua moja. Kaza nati kwa mtindo wa kukingamana, kwa kipimo cha kitabu. Pikapu nyingi ni kati ya Nm 100 na 130. Pedi mpya zizoeshwe: punguza mwendo kutoka 50 hadi 15 kwa saa mara nane au kumi, ukiacha nusu dakika katikati, bila kusimama kabisa na kuzikandamiza kwenye diski ya moto. Kilomita kumi zinazofuata ziwe za kupoza. Baada ya kilomita 50 hadi 100, kaza nati tena, na urudie jaribio la chaki kwenye tairi lilelile.